UZI MAALUMU: Kumsindikiza mtu anayetoka soba au kliniki, kwa wanaojitolea Mwanza na visiwani

Karabai
Wakuu, habari za muda huu. Kila baada ya siku chache mtu anauliza humu, "ndugu yetu anatoka soba, tufanyeje?" (Soba ni nyumba wanakokaa wanaoacha unga au pombe.) Majibu yanakuja "mwombeeni", "mtafutieni kazi". Yote mema, ila hayamwambii mtu afanye nini Jumatatu asubuhi. Uzi huu uwe wa kazi yenyewe, hasa kwa wale wanaojitolea kuwasindikiza wenzetu baada ya matibabu ya unga (heroini) au pombe. Wenye ujuzi waongeze, wenye maswali waulize.

Naanza na jambo ambalo familia nyingi hazijaambiwa. Kwa mtu wa heroini, siku za kutoka zina hatari kubwa kuliko siku za kuingia. Mwili uliozoea kete (vipakiti vidogo vya unga) kadhaa kwa siku ukikaa miezi mitatu au minne bila kitu, uvumilivu wake, yaani uwezo wa kuihimili dawa, unashuka. Kichwa bado kinakumbuka kipimo cha zamani. Akirudi kijiweni akavuta au akajidunga kile kile alichoacha nacho, dozi ambayo zamani ilimwondolea arosto (mateso ya kukosa dawa) tu sasa inamkata pumzi. Wiki mbili za kwanza ndizo mbaya zaidi, na ndiyo sababu nguvu zetu nyingi ziwekwe hapo, si mwezi wa tano wakati kila mtu ameshapumua.

Kwa hiyo msindikizaji anaanza kazi kabla mtu hajatoka. Angalau wiki moja kabla, kaeni watu wanne: anayetoka, mhudumu wa pale alipotibiwa, ndugu mmoja anayemwamini yeye mwenyewe (siyo anayejipendekeza), na wewe. Karatasi moja inatosha. Andikeni atalala wapi usiku wa kwanza na nani atakuwepo nyumbani. Andikeni dawa anazotumia, saa za kuzinywa na tarehe ya kurudi kliniki. Andikeni maeneo asiyotakiwa kupita kwa miezi mitatu, kwa majina kamili: kona ipi, gereji ipi, geto la nani. Andikeni dalili zake yeye za kuanza kurudi nyuma, maana kila mtu ana zake. Mmoja anaacha kuoga, mwingine anakuwa mkarimu ghafla, mwingine anaanza kutafuta ugomvi na mama yake ili apate sababu ya kuondoka nyumbani. Yeye anazijua kuliko sisi, muulizeni. Mwisho namba tatu za simu, ziandikwe pia kwa kalamu nyuma ya karatasi, kwa sababu simu huuzwa.

Njia ya kurudi nyumbani ipangwe. Mtu anayekaa Igoma akipanda daladala pale mjini anapita Mabatini hadi Buzuruga. Kama kijiwe chake kilikuwa kando ya barabara hiyo, siku ya kwanza mpandisheni bajaji moja kwa moja mpaka mlangoni. Si anasa. Mwili unaitika kwa kuona tu: tumbo linavurugika, mikono inatoka jasho, na hajashuka hata kwenye gari.

Ratiba ninayoipendekeza ni hii. Siku tatu za kwanza muonane uso kwa uso kila siku, hata kwa dakika kumi na tano. Mpaka siku ya kumi na nne simu kila siku saa ile ile, na kumtembelea siku moja, kuruka moja. Wiki ya tatu hadi ya nane, mara mbili kwa wiki. Baadaye mara moja kwa wiki mpaka itimie miezi sita. Saa ya simu iwe kati ya saa 11 jioni na saa 3 usiku, ndipo hamu inapokaba. Ukisema utapiga saa 12, piga saa 12. Kama huwezi, mwenzako apige badala yako. Mtu aliyezoea kudanganywa na kudanganya anapima ahadi ndogo kwanza.

NesiZamu
Asante Karabai. Mimi naongeza upande wa tiba, kwa sababu kuna makosa yanayoua.

La kwanza, kuzidisha dozi. Msindikizaji na ndugu wote wajue dalili. Hashtuki ukimwita kwa nguvu na kumsugua mfupa wa kifua kwa vifundo vya ngumi. Pumzi ni chache sana au anakoroma kama anayezama. Mboni za macho zimekuwa ndogo kama kichwa cha pini. Kwa ngozi yetu usitafute ubluu usoni, angalia ndani ya midomo, fizi na kucha: zinakuwa za kijivu. Hapo mmoja akatafute bajaji au teksi ya kwenda hospitali, mwingine aanze kumpulizia. Mlaze chali, inua kidevu, ondoa kilichomo mdomoni, ziba pua, puliza mara moja kila baada ya sekunde tano huku ukiangalia kifua kinainuka. Usiache mpaka apumue mwenyewe au mfike. Akianza kupumua lakini bado hajazinduka, mlaze ubavu, goti la juu likunjwe, ili akitapika yasiingie mapafuni.

Kumwagia maji, kumnywesha maziwa, kumdunga maji ya chumvi, kumpiga makofi na kumzungusha uwanjani: yote hayo ni kupoteza dakika, na maziwa kwa mtu asiyejitambua yanaingia mapafuni.

Dawa ya kuondoa athari ya heroini inaitwa naloksoni. Ulizeni kliniki yenu kama wanayo na kama wanafundisha kuitumia. Ya sindano kwa kawaida ni miligramu 0.4 kwenye msuli wa paja au bega, na baada ya dakika mbili au tatu kama hapumui vizuri inarudiwa. Huku unaendelea kumpulizia, usisimame kuangalia dawa ifanye kazi. Kosa kubwa linatokea baadaye: mtu anazinduka, anaamka na arosto kali, anakasirika, anaondoka. Naloksoni inafanya kazi kati ya dakika 30 na 90 tu. Heroini, na zaidi methadoni (dawa ya kunywa inayotolewa kliniki badala ya heroini), inaweza kubaki mwilini muda mrefu kuliko hapo, akaenda kulala na pumzi ikakatika tena. Akae na mtu saa mbili kamili, na hospitali apelekwe hata akikataa mara tano. Kama alikuwa amekunywa methadoni, saa mbili hazitoshi. Huyo ni wa wodini.

La pili, pombe. Mtu wa gongo aliyerudia kunywa wiki nzima asifungiwe chumbani eti aache ghafla. Kutetemeka kunaanza saa 6 hadi 24 baada ya chupa ya mwisho, degedege linaweza kuja ndani ya siku mbili, na kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuchanganyikiwa, akaona wadudu ukutani, homa ikapanda. Hali hiyo inaua. Arosto ya unga inatesa sana lakini kwa mtu mzima mwenye afya mara chache inaua yenyewe, isipokuwa akiishiwa maji kwa kutapika na kuharisha. Ya pombe inaua. Wanaojitolea wengi wanadhani ni kinyume.

Mlango_Mmoja
Nesi shikamoo. Swali: yupo ambaye yuko kwenye methadoni pale hospitali ya Sekou Toure, halafu hapati usingizi, anatafuta vidonge vya usingizi kwenye duka la dawa. Msindikizaji aseme nini?

NesiZamu
Marahaba mdogo wangu. Aseme hapana, na aeleze kwa nini. Methadoni, diazepamu (moja ya vidonge hivyo vya usingizi) na pombe zote zinapunguza pumzi. Kila moja peke yake anaweza kuihimili, zikikutana usiku pumzi inasinzia pamoja na yeye. Na methadoni haifiki kileleni mara moja, inachukua saa mbili hadi nne baada ya kunywa, kwa hiyo mtu anajiona yuko sawa, anaongeza kidonge, mambo yanaharibika akiwa amelala. Kukosa usingizi kwa aliyetoka kwenye unga ni kawaida kwa wiki kadhaa, wakati mwingine miezi. Amwambie daktari wa kliniki, si muuza duka. Wakati anasubiri: hakuna chai ya rangi wala soda ya kola baada ya saa 9 alasiri, asilale mchana zaidi ya nusu saa, aamke saa ile ile hata kama alilala alfajiri.

Kuhusu kukosa dozi. Akikosa siku moja au mbili aende kliniki aseme ukweli. Akikosa siku tatu mfululizo au zaidi asitegemee kupewa kipimo chake cha zamani. Lazima aonwe upya na kipimo kishushwe, kwa sababu ile ile aliyoieleza Karabai. Wengi wanaona aibu au wanaogopa kugombezwa, wanakaa nyumbani siku ya nne, ya tano, arosto inawarudisha kijiweni. Hapa ndipo msindikizaji ana thamani kuliko mtu yeyote: siku ya pili ya kukosa, mfuate mwende wote.

Na akianza dawa za kifua kikuu, kliniki ya methadoni ijulishwe siku hiyo hiyo. Rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, inaifanya methadoni iishe mwilini haraka, mtu anapata arosto akiwa anakunywa dozi kila siku, watu wanamwona mwongo. Baadhi ya dawa za VVU, kama efavirenzi na nevirapini, nazo zinafanya hivyo. Msindikizaji usimuulize mtu hali yake ya VVU, haikuhusu. Mwambie tu kwa ujumla: "dawa yoyote mpya utakayopewa popote, waonyeshe kliniki." Inatosha.

MzeeKapri
Kwa heshima zote, mimi sikubaliani na kumhesabu mtu wa methadoni kuwa ameacha. Amebadilisha dawa tu. Kwenye kikundi chetu wanaotoka soba wanaona vibaya kukaa na mtu anayekunywa dozi kila asubuhi.

NesiZamu
Mzee wangu, nakuheshimu, ila hapa nitabishana. Heroini inapanda na kushuka ndani ya saa chache, ndiyo maana mtu anazunguka mji mzima kutafuta kete nne kwa siku. Methadoni ni ya kinywa, mara moja kwa siku, mbele ya mhudumu, inakaa saa 24 na zaidi bila kumpandisha wala kumwangusha akiwa kwenye kipimo sahihi. Anaweza kufanya kazi na kulea watoto. Hajidungi, kwa hiyo hatari ya VVU na homa ya ini inashuka. Huduma hii ilianza nchini mwaka 2011 pale Muhimbili, si jaribio tena. Na jambo la hatari kwenye kikundi chenu ni hili: mtu akishawishiwa na wenzake aache methadoni ghafla ili aonekane safi, arosto yake inadumu muda mrefu kuliko ya heroini, na akirudia unga baada ya hapo uvumilivu hana. Mkikwazana, wekeni vikao viwili tofauti. Msimwambie mtu aache dawa aliyopewa na daktari.

MzeeKapri
La vikao viwili nalikubali. La kuwashawishi waache, nitalizungumza na wenzangu, maana limekuwa likisemwa.

BintiNansio
Mnaongea ya mjini. Huku visiwani na kwenye mialo (fukwe za kushushia samaki) kalenda ni nyingine na mkiifuata ya mjini mtawapoteza watu.

Uvuvi wa dagaa ni wa giza. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawaifuati taa, mitumbwi inapanda ufukweni, na wavuvi wanakaa wiki nzima na zaidi bila kazi. Ndipo mgao unapolipwa. Hesabu inapigwa, tajiri mwenye mtumbwi anakata mafuta na chakula, kinachobaki kinagawiwa mkononi, taslimu, kwa watu ambao wamekesha nusu mwezi na hawana la kufanya kesho. Gongo inawafuata pale pale kambini. Viroba (pombe kali ya vifuko vidogo) vilipigwa marufuku mwaka 2017 lakini wauza pombe kali kwa vipimo vidogo hawakuisha. Kwa hiyo kwa mvuvi aliyetoka matibabu, usipange simu zako kwa siku za wiki. Chukua kalenda yenye alama za mwezi, zungushia siku tatu kabla ya mwezi mpevu na siku saba baada yake. Hizo ndizo siku za kuonana uso kwa uso. Siku za giza yuko ziwani usiku na analala mchana, simu ya saa 12 jioni inamkuta anapakia taa na nyavu.

Mgao wake upokelewe vipi lipangwe mapema na tajiri wa mtumbwi. Matajiri wengine wanakubali kutuma kwa simu sehemu kubwa kwa mke au mama, na yeye anapewa mkononi ya chakula tu. Ombi hilo alitoe mwenyewe mvuvi, mbele ya tajiri, msindikizaji akiwepo. Likitolewa na ndugu kwa siri ni udhalilishaji, na atahamia mtumbwi mwingine.

Kwa wa methadoni ni kugumu zaidi. Kliniki iko mjini, dozi ni ya kila siku. Hawezi kwenda kambi Ukerewe siku ishirini za giza kisha arudi. Msimdanganye kwamba ataweza. Miezi ya mwanzo atafutiwe kazi ya nchi kavu inayolipa siku hiyo hiyo: kushona nyavu, kuanika na kugeuza dagaa, kupakia magunia pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, kusaidia mafundi mitumbwi. Kliniki ikimwona ametulia kwa muda mrefu, suala la dozi ya kuchukua nyumbani waliamue wao. Msindikizaji usiliahidi kamwe.

SeremalaWaBwiru
Dada umenena. Mimi nipo upande wa kazi na pesa, na nina maneno machache makali kwa familia.

Acheni kumpa mtu mtaji taslimu wiki ya kwanza. Laki tatu mkononi mwa mtu aliyetoka soba juzi ni mtihani ambao hata aliyemaliza mwaka unamtikisa. Anapewa kwa upendo, na ikipotea anaitwa mwizi. Wiki sita za mwanzo ziwe za kazi ndogo zenye saa maalumu, malipo madogo, ikiwezekana yapite kwa simu. Baada ya hapo, vifaa na si fedha: randa na msumeno, seti ya kinyozi, sufuria na jiko la chipsi. Vifaa navyo huuzwa, kwa hiyo mwezi wa kwanza vilale kwa fundi au kwa jirani mwenye duka.

Bodaboda nisingeishauri kabla ya miezi sita. Kuna hesabu ya kila siku inayomkaba, kuna kuendesha usiku, na kijiwe cha boda mara nyingi ni ukuta mmoja na kijiwe cha bangi. Ufundi wa kujifunza ni bora, VETA (chuo cha ufundi) wana kozi fupi hapa hapa Mwanza. Kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kwa vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu: ni nzuri ila si ya mwezi wa pili. Kikundi kinakopa pamoja na kinadaiwa pamoja. Mmoja akirudi nyuma wote wanazama, na chuki inabaki mtaani.

Madeni. Karibu kila anayetoka anadaiwa na duka la mtaa, mama ntilie, au ndugu aliyeibiwa redio. Kaeni mwandike orodha yote, kiasi na jina, bila kuhukumu. Kisha aende kwa kila mmoja na msindikizaji, aseme anakubali deni na atalipa kidogo kidogo kila Ijumaa. Wengi wanakubali, wanachotaka ni kutambuliwa. Kama kuna kesi au hasira za mtaa, anzeni kwa mwenyekiti wa mtaa kabla hajaonekana barabarani, mtu asije akashambuliwa siku ya kwanza. Deni la muuza unga ni jambo jingine kabisa. Msindikizaji usilipe, usibebe ujumbe, usiende kupatanisha. Akitishiwa, ahamie kwa ndugu mtaa mwingine kwa muda, na taarifa iende Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya kwa namba 119, haina malipo.

DadaWaIgoma
Naombeni msaada, je simu yake tuishike sisi? Mama anasema asipewe kabisa, mwenyewe anasema tunamfunga jela ya pili.

Karabai
Dada, hapa watu wanatofautiana. Mtazamo wangu: mtu mzima asinyang'anywe simu, atapata nyingine na sasa itakuwa ya siri. Laini ya zamani ndiyo tatizo, wauzaji wanapiga wenyewe, tena siku ya kwanza. Akikubali, laini mpya, namba kumi tu ndani yake, na laini ya zamani aivunje mwenyewe mbele yenu. Simu ya kitochi kwa miezi mitatu inasaidia pia, haiuziki kwa bei ya kete nyingi. Pesa ya M-Pesa ndiyo ya kuangalia zaidi kuliko simu: asikae na salio kubwa, na namba ya siri asimpe msindikizaji. Msindikizaji asishike fedha ya mtu hata shilingi. Siku moja itapungua, au itadaiwa imepungua, na uhusiano umekufa.

Na mwambie mama, kwa upole, kwamba kupekua mifuko kila akirudi kunamfundisha kuficha vizuri zaidi. Afadhali makubaliano yawe wazi: akichelewa zaidi ya saa 2 usiku bila taarifa, msindikizaji anapigiwa. Basi, hakuna kelele mlangoni.

Mlango_Mmoja
Na akiteleza? Familia nyingi zinamfukuza hapo hapo.

Karabai
Hili ndilo swali kubwa la uzi huu. Kuteleza mara moja na kurudi kwenye matumizi ya kila siku ni vitu viwili, na kinachoamua mara nyingi ni saa 24 za kwanza. Mtu ametumia Alhamisi usiku, Ijumaa anajiona ameshaharibu yote, anasema "bora nimalizie". Fedheha ndiyo inayompeleka kwenye kete ya pili kuliko hamu.

Ukipigiwa, usiulize "kwa nini". Uliza: umetumia nini, kiasi gani, saa ngapi, pamoja na nini, uko na nani sasa. Majibu hayo yanakuambia kama ni hospitali au ni nyumbani. Asiachwe peke yake usiku huo. Kama bado ana kitu na hayuko tayari kukitupa, mwambie ukweli kuhusu mwili kushusha uvumilivu, na asitumie akiwa peke yake chumba kimefungwa. Asubuhi mwende kliniki au kwa mhudumu wa soba. Ndani ya siku tatu mrudi kwenye ile karatasi: dalili gani zilionekana kabla? Mara nyingi zilianza siku nne au tano nyuma, na kuna vitu vinne vya kuuliza kwanza: alikuwa na njaa, hasira, upweke, au uchovu? Havionekani vizito, lakini ndivyo vinavyofungua mlango. Kisha karatasi iandikwe upya.

Kwenye kikundi asifukuzwe. Aje, akae, asilazimishwe kusema. Anachokatazwa ni kuja akiwa amelewa au kuleta kitu. Akija amelewa, mmoja anamtoa nje, anabaki naye mpaka afike kwake.

MwalimuPasiansi
Ngoja niseme upande wa wanaojitolea wenyewe, maana wanachoka na kuanguka bila mtu kugundua.

Anayejitolea ambaye naye alitumia awe ametulia angalau mwaka mmoja, na miezi mitatu ya mwanzo atembee na mwenye uzoefu. Asizidi watu watatu walio ndani ya mwezi wa kwanza, jumla wasizidi watano. Wanaume wasindikize wanaume, wanawake wasindikize wanawake. Kijiweni haendi mtu peke yake kumfuata mtu, hata aombwe na mama anayelia. Waende wawili, mchana, na aliyeacha karibuni asiwemo. Kila wiki mbili wasindikizaji wakutane na nesi au ofisa ustawi wa jamii, waseme nani kawalemea. Asiyekuja mara mbili mfululizo afuatwe, huenda naye anateleza.

Nauli na vocha zigharamiwe na kikundi. Kujitolea kusiwe kulipa kutoka mfukoni kwa mtu ambaye naye anatafuta. Mkikosa fedha, punguzeni idadi ya watu, msipunguze siku za kuonana.

Daftari liwe la namba, si majina, na likae kwa mtu mmoja. Taarifa za afya za mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwa hiyo kundi la WhatsApp si mahali pa kuandika nani kateleza wala kuweka picha ya mtu "aliyepona". Usiri una mipaka miwili tu, na aambiwe siku ya kwanza: akisema anataka kujiua, au kuna mtoto yuko hatarini, utamweleza mhudumu.

Kikao chetu kina watu sita hadi kumi na wawili, dakika tisini, saa 10 jioni, mahali pasipo baa ukuta wa pili. Darasa la shule au chumba cha msikiti au kanisa vinafaa, mradi hakuna mahubiri ndani ya kikao. Kila mtu anasema zamu yake bila kujibiwa wala kushauriwa. Dakika kumi za mwisho kila mmoja anataja atafanya nini usiku huu na nani atampigia. Wanaofuata hatua kumi na mbili za NA (Narcotics Anonymous, chama cha wanaoacha dawa za kulevya) wanajua muundo huu. Chama hicho kilianza California mwaka 1953 kwa kufuata AA, chama cha wanaoacha pombe, cha 1935, na kina mtu wake wa kumwongoza mwenzake kwenye hatua. Msindikizaji si huyo, majukumu yasichanganywe.

BintiNansio
Na akina mama jamani. Wanajificha zaidi, wanaogopa kunyang'anywa watoto, na wengi walikuwa wakipewa unga na mwanaume wanayeishi naye. Kumrudisha nyumba ile ile ni kumrudisha kwenye unga. Swali la kwanza kwenye karatasi yake liwe "nani anatumia hapo unapolala?" Kikao kiruhusu watoto. Na mjamzito aliye kwenye methadoni asiache kamwe kwa uamuzi wake au wa mama mkwe, kuacha ghafla kunahatarisha mimba. Aende kliniki ya wajawazito na aseme anakunywa methadoni, mtoto ataangaliwa baada ya kuzaliwa.

Mlango_Mmoja
La mwisho kutoka kwangu. Anayetoka gereza la Butimba baada ya kifungo, hakupitia soba wala methadoni. Naye ni wa uzi huu?

NesiZamu
Ni wa uzi huu kuliko wengine. Kama alikaa gerezani bila kutumia, uvumilivu umeshuka vile vile, ila hakuna aliyemwandaa na hajaambiwa hatari. Familia iulize tarehe ya kutoka mapema, kwa sababu msamaha unaweza kuileta mbele. Siku hiyo mtu awepo getini asubuhi na nauli, nguo na chakula. Asiachwe ajitafutie usafiri wa mjini, marafiki wa zamani nao wanajua tarehe. Kabla ya jua kuzama siku hiyo hiyo apitie kliniki ya Sekou Toure akafanyiwe tathmini, hata akisema hana hamu kabisa. Kama alikuwa anatumia dawa za kifua kikuu au nyingine ndani, waombeni pale gerezani barua ya rufaa inayoonyesha dozi na tarehe aliyoanzia, vinginevyo atakatiza. Karatasi ya Karabai mnaijaza siku hiyo jioni, na ile ratiba ya siku kumi na nne inaanzia hapo.